Unga wa ulezi usio na mchanga: kuanzia sokoni hadi kwenye bakuli

Maswali ya unga wa ulezi ni yale yale kila wiki. Mbona uji una mchanga? Mbona unga umekuwa mchungu na hata mwezi haujaisha? Nichanganye na karanga na soya? Mtoto aanze lini? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake kwenye simu, nimeyaweka yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Shika jambo moja tangu mwanzo: unga mzuri wa ulezi hautengenezwi mashineni. Mashine inasaga ulichoipelekea. Ukiipelekea mchanga itakusagia mchanga, tena laini kiasi kwamba hakuna chekeche litakaloutoa. Kazi kubwa iko kwenye ungo na beseni, na wengi ndiyo wanayoiruka.

Kwa nini ujisumbue

Sitakaa sana hapa. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu ya miligramu 340 hivi, wakati mahindi makavu hayafiki hata 20. Unasagwa na ganda lake, kwa hiyo nyuzinyuzi zinabaki, na hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikanisha unga. Kwa upande wa shamba na ghala, punje ni ndogo mno kiasi kwamba dumuzi na fukusi wanaomaliza mahindi hawana pa kukaa ndani yake. Ulezi mkavu hukaa miaka bila dawa ya ghala. Jamaa yake, uwele, hustahimili ukame kuliko mahindi, ndiyo maana wakulima wa Dodoma na Singida hawajauacha. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi ndogo, lakini kwa bibi zetu wa Sumbawanga na Kilimanjaro hiyo haikuwa habari mpya.

Usichanganye majina sokoni. Ulezi, ambao Kenya wengi wanauita wimbi, ni punje ndogo za mviringo, nyingi zikiwa za rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea. Uwele ni mkubwa kidogo, wa kijivu au kijani hafifu. Mtama ni mkubwa zaidi. Mwongozo huu ni wa ulezi. Pale uwele au mtama unapotaka uangalizi tofauti nitasema.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Ulezi kilo 5. Usianze na debe zima. Kilo 5 unaziosha asubuhi moja bila kuchoka.
- Ungo
- Mabeseni mawili, ikiwezekana meupe, na bakuli dogo
- Maji ya kutosha, ndoo tatu au nne
- Kitambaa safi cha pamba; kanga kuukuu inafaa
- Turubai au mkeka wa kuanikia, na mahali palipoinuka
- Chupa ya kioo iliyo kavu na chumvi kidogo, ya kupimia ukavu
- Vyombo vyenye mfuniko unaokaza
- Jua la siku mbili. Kama ni masika na mawingu hayaondoki, subiri. Usiloweshe ulezi kisha uanze kutafuta jua.

Hatua ya 1: Chagua sokoni

Ingiza mkono ndani kabisa ya gunia, usichote juu. Nusa. Ulezi mzuri hauna harufu kali. Ukisikia harufu ya ukungu ondoka, hata kama bei imeshuka. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na nafaka yoyote iliyohifadhiwa na unyevu inaweza kuipata.

Kisha omba glasi ya maji. Tia konzi ya ulezi, koroga, angalia chini. Mchanga kidogo utauona karibu kila gunia, kwa sababu ulezi hupurwa chini, kwenye udongo mtupu. Ukiona tabaka zima la mchanga unalipia uzito wa mawe. Muuzaji akikukatalia kupima, kuna wengine.

Hatua ya 2: Fikicha na kupepeta

Weka ulezi kidogo kwenye ungo, fikicha kwa viganja ili vikonyo na maganda yanayoshikilia punje yaachie. Pepeta. Vumbi lipeperuke, vijiti utoe kwa mkono. Rudia mpaka viganja visibaki na vumbi jekundu. Maganda haya ndiyo yanayoufanya uji ukwaruze kooni, na watu husingizia mchanga.

Hatua ya 3: Osha. Kazi iko hapa

Punje ya ulezi ina upana wa milimita moja hadi mbili, yaani inalingana na chembe ya mchanga. Ndiyo maana ungo pekee hautoshi wala chekeche halisaidii. Kinachovitenganisha ni uzito: ndani ya maji mchanga huzama upesi, ulezi huzama polepole.

Tia ulezi usiozidi kilo 2 kwenye beseni la kwanza. Jaza maji hadi yaupite ulezi kwa kina cha kiganja. Koroga kwa mkono, tulia kidogo, mwaga makapi na punje tupu zinazoelea. Ongeza maji, rudia mpaka hakuna kinachoelea.

Sasa jaza maji tena. Zungusha beseni kwa mikono yote miwili mpaka ulezi uinuke na kuzunguka pamoja na maji. Kabla haujatulia, mimina maji na ulezi kwa pamoja kwenye beseni la pili, taratibu, huku ukiendelea kutikisa. Usimimine wote. Ikibaki kama konzi moja chini, acha. Konzi hiyo ndiyo yenye mchanga. Itie kwenye bakuli dogo, iongezee maji, izungushe peke yake na kuokoa ulezi uliomo, mabaki mwaga.

Rudi kutoka beseni la pili kwenda la kwanza kwa mtindo ule ule. Mara tatu kwa kawaida zinatosha, lakini usihesabu, pima. Ukishamimina, pitisha ncha za vidole chini ya beseni tupu. Ukisikia mkwaruzo, bado. Ndiyo sababu nimesema beseni liwe jeupe: mchanga unauona kwa macho.

Ukiridhika, chuja kwa kitambaa. Chujio la plastiki lenye matundu makubwa litapitisha ulezi wako wote kwenda na maji.

Kosa la kawaida hapa ni kuosha kilo 5 zote kwa mkupuo. Beseni likijaa ulezi hauzunguki, mchanga unabaki katikati, na unadhani umeosha.

Hatua ya 4: Loweka, kama unataka

Hatua hii si ya lazima, ila ina faida. Ulezi una kemikali za asili zinazoshikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri tumboni, na kuloweka kunazipunguza. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, suuza, chuja. Ukipitisha saa 24 bila kubadilisha maji utaanza kunuka.

Hatua ya 5: Anika, kisha pima ukavu

Tandaza kwenye turubai, tabaka jembamba kiasi cha kuona turubai hapa na pale. Usianike chini wala pembeni mwa barabara; umetoka kuosha mchanga, usiurudishe. Kama upepo ni mkali, tafuta ukuta wa kuukinga. Geuza kila saa. Jioni ingiza ndani, umande usiukute nje. Na kuku, bila shaka, mtu awepo.

Wengi hushika punje, wakasema "umekauka". Juu umekauka, ndani bado. Fanya kipimo cha chumvi: jaza theluthi ya chupa kavu kwa ulezi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, uache utulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anika tena. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, ulezi uko tayari.

Hatua ya 6: Peleka mashineni

Nenda saa ambayo si ya msongamano, umwambie msagishaji mambo mawili. La kwanza, unataka wavu wa mashine wenye matundu madogo kabisa alio nao, kwa sababu kwenye wavu wa dona ya kawaida punje nyingi zitapita nzima. La pili, apitishe ulezi wako kidogo kwanza ili usukume mabaki ya mahindi yaliyokuwemo. Unga huo wa mwanzo, konzi tatu nne, uweke kando, uwape kuku.

Usikubali ulezi ukobolewe. Kalsiamu na nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye ganda, na wishwa utakaoacha pale mashineni ndio ulioulipia.

Hatua ya 7: Poza, ndipo ufunge

Unga hutoka mashineni ukiwa wa moto. Ukiufunga hivyo hivyo kwenye mfuko wa nailoni unatoa jasho ndani, na baada ya wiki mbili unakuta madonge yenye ukungu. Ukifika nyumbani umwage kwenye sinia au turubai safi, ndani ya nyumba, upoe kabisa. Ndipo uuweke kwenye vyombo vyenye mfuniko, mbali na jiko.

Saga unga wa mwezi mmoja au miwili tu. Ulezi uliobaki uhifadhi ukiwa punje. Unga wa uwele una mafuta mengi zaidi, huanza uchungu ndani ya wiki chache, kwa hiyo saga wa wiki moja au mbili.

Hatua ya 8: Pika uji

Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne hadi vitano vya maji.

1. Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka ulainike kabisa.
2. Chemsha maji yaliyobaki.
3. Mimina mchanganyiko kwenye maji yanayochemka, taratibu, mwiko usisimame.
4. Ukichemka punguza moto, uache utokote dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga mara kwa mara.
5. Tia chumvi kidogo. Maziwa yaingie mwishoni, sukari baada ya kuepua.

Watu hutoa uji jikoni pale unapoanza kuwa mzito, dakika ya tano. Huo bado mbichi, na ladha ya unga wanayoilalamikia inatoka hapo. Kama hutumii maziwa, kamulia limao au tia unga wa ubuyu: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi na uji wa ulezi kwa mlo mmoja haviendi pamoja, maana chai inazuia madini hayo.

Hatua ya 9: Ugali

Ugali wa ulezi mtupu ni mzito na unakatika. Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya huuchanganya na unga wa muhogo, na nakushauri uanze hivyo: sehemu mbili za ulezi, moja ya muhogo. Anza na ujiuji mwepesi uchemke vizuri, ndipo uongeze unga kidogo kidogo na kusonga. Funika dakika tatu kwa moto mdogo kabla ya kuepua. Utatoka mweusi, ndio rangi yake. Na mlenda, dagaa au maziwa ya mgando, hutataka mboga nyingine.

Kimea: cha kuongeza nguvu kwenye uji wa mtoto

Mtoto wa chini ya miezi 6 ananyonya tu. Baada ya hapo tatizo la uji wake ni hili: ukiwa mwepesi anashiba maji, ukiwa mzito hawezi kuumeza. Tumbo lake ni dogo. Kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa kidogo, kinalitatua hilo, na hata wataalamu wa lishe hapa Tanzania walikifanyia utafiti miaka ya 1980.

Chukua kikombe kimoja cha ulezi uliooshwa kama hatua ya 3. Loweka usiku kucha, chuja, ufunge kwenye kitambaa kibichi, uweke mahali penye joto na giza. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni, ufungue uone. Baada ya siku mbili, au tatu kama uko baridi ya Njombe au Makete, vimizizi vyeupe vinatokeza, urefu wa punje yenyewe. Hapo simamisha. Anika mpaka ukauke kabisa, fikicha vimizizi vyote vitoke, pepeta, saga. Ukiona nyuzi za kijivu au nyeusi au harufu ya uvundo, tupa chote.

Matumizi: pika uji mzito kuliko kawaida. Epua, uache upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa bakuli, koroga. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa umesimama na kijiko unaanza kutiririka mbele ya macho yako, na unga wote umo ndani. Kisha urudishe motoni uchemke tena kidogo, maana kimea hakijapikwa. Ukikitia kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi; joto linaua kimeng'enya chake, yaani kile kinachovunja wanga.

Onyo: usitumie mtama kwa kazi hii. Machipukizi ya mtama hutengeneza sumu ya sianidi, na anayeanza hana sababu ya kucheza nayo. Baki na ulezi.

Kuhusu "unga wa lishe"

Kuna mtindo wa kusagia pamoja ulezi, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga na chochote kilichobaki kabatini. Siuungi mkono. Nafaka nne kwa pamoja hazikupi zaidi ya nafaka moja nzuri, kila moja inaiva kwa muda wake, na mtoto akipata mzio hujui umlaumu nani. Karanga zinaufanya unga wote uwahi kuchacha. Soya mbichi inazuia mwili kumeng'enya protini. Lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza.

Saga ulezi peke yake. Karanga zikaange, uzisage kando, utie kijiko kwenye uji wakati wa kupika. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa usizitumie kabisa.

Mambo yakienda vibaya

*Unga umeshasagwa na una mchanga.* Usiutupe. Koroga unga wa uji na maji mengi baridi, tulia sekunde chache, umimine taratibu kwenye sufuria, uache kijiko kimoja viwili vya chini. Mchanga hautaisha wote, lakini meno yatapumzika.

*Unga mchungu.* Kama ni uwele au una karanga, mafuta yameharibika. Kama ni ulezi mtupu, ulisagwa na unyevu au ulikaa mno. Wenye ukungu usiwape hata kuku wala ng'ombe. Sumukuvu inawadhuru na kwenye maziwa inapita.

*Uji una madonge.* Ulitia unga mkavu kwenye maji ya moto. Rudi hatua ya 8, namba 1.

*Uji umekuwa maji baada ya kukaa.* Mtu ameonja na kurudisha kijiko kile kile kwenye sufuria. Mate yana kimeng'enya kinachofanya kazi kama kimea. Au ulezi wenyewe ulianza kuota wakati wa kuloweka.

*Mashine imeziba na msagishaji amekasirika.* Ulezi ulikuwa mbichi. Kipimo cha chumvi.

*Mjamzito kaambiwa ana upungufu wa damu, anywe uji wa ulezi?* Anywe, lakini rangi nyekundu isimdanganye. Ulezi una miligramu 4 hivi za madini ya chuma kwa gramu 100, na mwili hufyonza sehemu ndogo. Vidonge alivyopewa kliniki visiachwe kwa sababu ya uji.

*Mgonjwa wa kisukari?* Ulezi hautibu kisukari. Ni wanga. Uji mwepesi wenye sukari utampandisha; ugali mdogo wenye mboga nyingi ni afadhali, na apime sukari yake mwenyewe baada ya kula aone.

*Chapati za ulezi zinapasuka.* Hakuna gluteni ya kuzishika. Tia robo ya ulezi kwa robo tatu za ngano, kanda kwa maji ya moto, uache unga upumzike nusu saa. Ukizoea panda hadi theluthi.